Kwa nini klindamaisini imekatwa kwenye majibu ya mama

SWALI: "Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 61 na ana kisukari. Alitoka jipu mguuni, juu kidogo ya kifundo, likapasuka likawa kidonda. Duka la dawa walimpa azithromaisini ya siku tatu, hakikukauka. Tulipokwenda hospitali walichukua usaha wakaupeleka maabara kuoteshwa, na wakati tunasubiri wakamwanzishia klindamaisini, kwa sababu alisema zamani aliwahi kuchomwa sindano ya penisilini akatokwa na upele. Majibu yametoka: Staphylococcus aureus. Sefoksitini S, septrini S, doksisaiklini S, erithromaisini R. Klindamaisini ilikuwa imechapwa S, halafu ikakatwa kwa kalamu ikaandikwa R, na pembeni pameandikwa 'kipimo cha D: chanya'. Daktari mwingine tuliyemkuta siku hiyo amemsimamisha klindamaisini na kumwandikia flukloksasilini. Tumechanganyikiwa. Kama ilikuwa S, kwa nini wameikata? Ile azithromaisini ya mwanzo ndiyo iliyoharibu? Na jirani anatushauri tumpe flukloksasilini pamoja na doksisaiklini tuliyo nayo nyumbani ili zishikane nguvu, maana hata hospitali huwa wanachanganya. Tufanye hivyo?"

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa kuuguza. Umeandika majibu yote ya maabara neno kwa neno, na hilo limenisaidia kukujibu bila kubahatisha.

Kabla ya hayo uliyouliza, kuna jambo moja hukuliuliza na ndilo la kwanza. Flukloksasilini ni penisilini. Jina halifanani, lakini ni ukoo uleule. Daktari wa kwanza alijua kuhusu upele wa mama, ndiyo maana alikwepa penisilini akaandika klindamaisini. Je, huyu wa pili aliambiwa? Kama huna hakika, mama asimeze hata kidonge kimoja kabla hujapiga simu au kurudi hospitali ukamwambia. Kama ameshaanza na yuko salama, bado mwambie daktari leo hii. Akivimba midomo, uso au koo, akitoka mabaka yanayowasha mwili mzima, au kifua kikibana, asimeze kingine, mkimbizeni hospitali dakika hiyo hiyo. Nitarudi kwenye suala la upele, kwa sababu ndilo litakaloamua dawa ya mama kuliko hayo mengine yote.

Sasa ile kalamu iliyokata S. Aliyekata hakukosea wala hakubadili mawazo. Aliongeza kipimo cha pili, na kipimo hicho kikaonyesha kitu ambacho cha kwanza hakina uwezo wa kukionyesha.

Kinachofanyika mezani ni hiki. Usaha wa mama ulipakwa kwenye chakula cha bakteria, wakaota. Mtaalamu akachukua bakteria wachache, akawakoroga kwenye maji ya chumvi mpaka yakawa na ukungu wa kiwango maalumu, kisha akawapaka kwa pamba juu ya sahani bapa yenye jeli ya rangi ya maziwa ya maji. Juu yake akaweka vijikaratasi vya mviringo, kila kimoja kina dawa yake. Sahani ikalala kwenye joto la nyuzi 35 usiku kucha. Asubuhi bakteria wametanda sahani nzima kama utando, isipokuwa pale ambapo dawa imewashinda: hapo panabaki duara tupu kukizunguka kijikaratasi. Mtaalamu anapima upana wa duara kwa rula. Likifikia kipimo kilichowekwa, anaandika S, yaani dawa inamweza bakteria huyo. Lisipofikia, anaandika R, amekuwa sugu.

Klindamaisini ikiwa peke yake kwenye sahani, bakteria wa mama walishindwa kuota na duara likatoka zuri. Ndiyo hiyo S iliyochapwa. Lakini kwa kuwa erithromaisini ilikuwa R, maabara inayojua kazi yake haiishii hapo. Inaweka kijikaratasi cha erithromaisini karibu na cha klindamaisini, wastani wa milimita 15 hadi 20 kati yao, na kusubiri tena mpaka kesho yake. Duara la klindamaisini linatoka mviringo upande wa mbali, lakini upande unaotazamana na erithromaisini linakuwa limenyooka, kana kwamba limekatwa kwa kisu. Ukilitazama unaona herufi D kabisa. Pale kwenye ukingo ulionyooka bakteria wanaota mahali ambapo klindamaisini ipo ya kutosha kuwazuia. Wamepona kwa sababu ya jirani, erithromaisini. Dawa moja imewakinga bakteria dhidi ya dawa nyingine, na unaliona jambo hilo kwa macho yako, bila darubini.

Inakuwaje? Ndani ya kila bakteria kuna ribosomu, sehemu inayotengeneza protini. Bila protini hawezi kukua wala kuzaana. Erithromaisini, azithromaisini na klindamaisini zinafanya kazi kwa kujishikiza kwenye ribosomu, tena karibu mahali palepale, ingawa klindamaisini ni ya ukoo mwingine. Bakteria wa mama ana jeni inayoitwa erm. Jeni hiyo inatoa kimeng'enya kinachobandika kijichembe kidogo cha kikemikali pale pale ambapo dawa hizi hujishikiza. Kikishabandikwa, dawa inapita haina pa kushika.

Bakteria haiachi jeni hiyo ikifanya kazi saa zote, kwa kuwa kuichezea ribosomu yake mwenyewe kunamgharimu. Ameifunga. Kinachoifungua ni erithromaisini yenyewe, au ndugu yake azithromaisini. Dawa inapoingia na kuikwamisha ribosomu katikati ya kusoma mwanzo wa ujumbe wa jeni, ule ujumbe uliokuwa umejikunja unakunjuka, na kimeng'enya kinaanza kutengenezwa. Klindamaisini ikiwa peke yake haina uwezo mkubwa wa kuikunjua, kwa hiyo inamkuta bakteria hajajikinga. Inamshinda, na karatasi ya majibu inasoma S.

Hapo utauliza, na ni haki yako: basi si tungempa klindamaisini peke yake, bila erithromaisini karibu? Wapo waliofanya hivyo na wagonjwa wao wakapona. Wapo pia ambao kidonda kilianza kukauka, kisha baada ya siku kadhaa kikarudi kwa kishindo. Kwenye usaha kuna mamilioni ya bakteria, na miongoni mwao huwamo wachache ambao jeni hiyo imeharibika kwa namna ambayo haifungiki tena, iko wazi wakati wote. Klindamaisini inawafyeka wenzao na kuwaachia hao nafasi. Ukiotesha tena usaha wa wakati huo, klindamaisini inasoma R waziwazi, haihitaji hata kipimo cha D. Ndiyo sababu miongozo ya maabara inataka bakteria wa namna hii waandikwe R. Kwa maambukizi madogo ya ngozi kwa mtu mwenye afya, daktari anaweza bado kuitumia kwa muda mfupi akimfuatilia mgonjwa kwa karibu. Mguu wa mtu mwenye kisukari si mahali pa kujaribia hilo. Nakubaliana kabisa na waliomsimamisha.

Kwa faida ya wengine watakaosoma hapa: erithromaisini R peke yake haimaanishi klindamaisini haifai. Wapo stafilokoki, yaani bakteria wa jamii ya huyu wa mama, wanaoishinda erithromaisini kwa kuisukuma nje ya mwili wao, na njia hiyo haiigusi klindamaisini. Hao kipimo cha D kinatoka hasi, duara linabaki mviringo, na klindamaisini inatumika bila wasiwasi. Kwa hiyo ukipewa majibu yenye erithromaisini R na klindamaisini S, ni sahihi na ni adabu kuuliza, "Kipimo cha D kimefanyika?"

Kuhusu azithromaisini ya duka la dawa, sitaki mama wala wewe mjilaumu. Dawa haikuiumba jeni ile. Kwa kila dalili bakteria alikuja nayo, maana jeni za erm husafiri kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine na zimeenea duniani kote. Lakini azithromaisini nayo haikukosa madhara. Kwanza haikuwa na uwezo wa kumtibu, kwa hiyo siku tatu zilipita bure kidonda kikichimba. Pili, azithromaisini haitoki mwilini upesi. Nusu yake huchukua takriban saa 68 kuondoka, na kwenye nyama za mwili hukaa siku nyingi baada ya kidonge cha mwisho. Ndiyo maana inatosha kunywewa siku tatu tu. Kwa mama maana yake ni kwamba klindamaisini ilipoanza, huenda ilikuta bado kuna azithromaisini kwenye kidonda na bakteria wameshaifungua ile jeni. Yale unayoyaona kwenye sahani yalikuwa na nafasi ya kutokea mguuni.

Nikija kwa ushauri wa jirani, najua ametoa kwa moyo mzuri, na hoja yake kwamba hospitali huchanganya ni ya kweli. Jibu langu ni hapana, msiongeze doksisaiklini. Lakini sitaki ukubali kwa sababu tu nimesema. Elewa kwa nini, kwa sababu kesho utaulizwa na mwingine.

Antibiotiki nyingi zinaangukia makundi mawili. Zipo zinazomuua bakteria, na zipo zinazomzuia asikue ili kinga ya mwili immalizie. Penisilini na ndugu zake, flukloksasilini ikiwemo, ni za kuua, na zinaua kwa namna ya pekee. Bakteria anapokua anapanua ukuta wake wa nje, anaubomoa kidogo na kuujenga upya. Penisilini inavuruga ujenzi huo, ukuta unabaki na matundu, bakteria anapasuka. Mfikirie fundi aliyebomoa ukuta wa nyumba ili aongeze chumba, halafu ukamnyang'anya saruji na mvua ikaanza kunyesha: nyumba inaanguka. Ila kama fundi alikuwa hajaanza kubomoa, amelala, kumnyang'anya saruji hakumsumbui, nyumba imesimama. Doksisaiklini ndiyo inayomlaza fundi. Inasimamisha utengenezaji wa protini, bakteria anaacha kukua, haubomoi ukuta wala haujengi, na penisilini inakosa cha kuvuruga.

Jambo hili halikutoka kwenye sahani za maabara peke yake. Mwaka 1951 madaktari wa Marekani, Lepper na Dowling, walitoa taarifa ya wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo iliyosababishwa na bakteria aitwaye pneumokoki. Waliotibiwa kwa penisilini peke yake, waliofariki walikuwa chini ya theluthi moja. Waliopewa penisilini ileile pamoja na klotetrasaiklini, dawa ya ukoo mmoja na doksisaiklini, zaidi ya robo tatu walifariki. Walikuwa wachache, na kwa viwango vya leo utafiti ule ungekosolewa, lakini tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba hakuna daktari aliyethubutu kuupuuza. Miaka ileile Ernest Jawetz na wenzake mjini San Francisco walikuwa wanaliona jambo hilohilo maabara na kwa wanyama, wakalieleza: dawa ya kuua inayotegemea bakteria anayekua hudhoofishwa na dawa inayomzuia kukua.

Sasa niwe mkweli, kwa sababu kuna watu wanaoichukua kanuni hii wakaifanya sheria ya msikitini. Homa ya uti wa mgongo ni mahali ambapo kinga ya mwili ni dhaifu mno, dawa inalazimika kuua peke yake. Kwenye mapafu au ngozi, chembe nyeupe za damu hufanya sehemu kubwa ya kazi, na mgongano wa dawa unaoonekana maabara mara nyingi hauonekani kwa mgonjwa. Nimonia ya watu wazima hutibiwa kila siku kwa penisilini pamoja na dawa ya kuzuia kukua, na wagonjwa wanapona. Pale ngozi na nyama zinapokuwa zinaoza kwa kasi kwa sababu ya bakteria wanaoitwa streptokoki, madaktari huongeza klindamaisini juu ya penisilini kwa makusudi, kwa sababu klindamaisini inasimamisha utengenezaji wa sumu ambazo bakteria hao hutema. Hapo kuzuia protini ndiyo shabaha yenyewe.

Kwa hiyo sikuambii doksisaiklini ingemuua mama. Nasema haingemwongezea chochote ambacho flukloksasilini haiwezi kukifanya yenyewe kwa bakteria ambaye ni S, ingeweza kuipunguza nguvu, na kinga ya mtu ambaye sukari yake iko juu ni dhaifu kuliko yako na yangu. Zaidi ya hapo, mama akipata kichefuchefu, kuhara au upele akiwa anameza mbili, nani atajua ni ipi iliyosababisha? Kwa mgonjwa mwenye historia ya upele wa penisilini, hilo ni tatizo halisi. Na doksisaiklini hiyo ya nyumbani ni mabaki ya dozi ya nani, ya lini? Haitoshi kumaliza tiba, inatosha tu kuwafundisha bakteria.

Mchanganyiko wa hospitali ni jambo jingine. Mtoto mchanga mwenye maambukizi ya damu hupewa ampisilini na jentamaisini. Jentamaisini inaua, hailazi, na kwa baadhi ya bakteria ampisilini ikishatoboa ukuta jentamaisini hupenya kwa urahisi zaidi. Isitoshe, mtoto anaumwa sasa na majibu ya maabara yatachukua siku, hivyo dawa mbili zinafunika bakteria wa aina nyingi. Septrini yenyewe ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, zinazokata mnyororo mmoja wa kikemikali katika sehemu mbili. Kwenye amoksilini yenye klavulaniki, hiyo ya pili ipo kumlinda mwenzake asivunjwe na kimeng'enya cha bakteria. Kila mchanganyiko una sababu yake iliyopimwa. Kuwa wawili hakutoshi kuwa sababu.

TB ndiyo mfano mkubwa kuliko yote, na nataka kila mwenye mgonjwa wa TB nyumbani asome hapa kwa makini. Streptomaisini ilipotumika peke yake miaka ya 1940, wagonjwa walipata nafuu, halafu wengi wakarudi na bakteria walioishinda dawa hiyo. Kuchanganya ndiko kulikozuia hilo. Na dozi ya miezi sita tunayoifahamu leo ilijaribiwa hapa kwetu: majaribio yaliyochapishwa kuanzia mwaka 1972 yalifanyika kwa wagonjwa wa Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia. Mtu akisoma jibu langu kuhusu dawa kuharibiana, halafu akamwachisha mgonjwa wa TB kidonge kimojawapo, atakuwa amefanya madhara makubwa kuliko kitu chochote ninachokizungumzia hapa.

Tena rifampisini, nguzo ya tiba ya TB, ina namna yake tofauti ya kuiingilia dawa nyingine. Haishughuliki na bakteria hapo, inalisukuma ini lifanye kazi zaidi ya kuvunja dawa. Klindamaisini na doksisaiklini zote hupungua kwenye damu mgonjwa akiwa anatumia rifampisini. Hujasema mama yuko kwenye dawa za TB, lakini kama yuko, au mtu mwingine mwenye kidonda yuko, daktari anayeandika dawa ya kidonda lazima aambiwe.

Umeniandikia pia sefoksitini S, na pengine umejiuliza kwa nini hawampi hiyo. Kwenye stafilokoki haipimwi ili itolewe. Ni kipimo cha kujua kama bakteria ni wale sugu kwa flukloksasilini, kloksasilini na ndugu zao, wale wanaojulikana kwa kifupi MRSA. Mama hana hao. Hiyo ni habari njema kuliko zote kwenye karatasi hiyo. Kwa bakteria wengine, kama Enterobacter wanaopatikana sana wodini, sefoksitini yenyewe ni mchochezi: inawafanya watoe kwa wingi kimeng'enya kinachovunja dawa kama seftriaksoni, na kwenye sahani duara la dawa ya jirani linakatwa kama lile la D. Kwa hiyo jambo lililotokea kwenye majibu ya mama si kioja. Linajirudia kwa sura mbalimbali, kwa bakteria mbalimbali.

Turudi kwenye upele, kwa sababu ndio unaoamua. Muulize mama taratibu, akumbuke. Ilikuwa mwaka gani? Upele ulitoka baada ya dakika chache, au siku ya tatu au ya nne? Ulikuwa mabaka yaliyovimba, yanayowasha na kuhamahama, au vipele vidogo vilivyokaa? Alivimba uso? Alishindwa kupumua, alizimia? Ngozi au mdomo ulibabuka? Tangu hapo amewahi kumeza amoksilini au ampiklox bila shida? Swali hili la mwisho lina uzito mkubwa. Huko Marekani mtu mmoja kati ya kumi hivi husema ana mzio wa penisilini, lakini wanapochunguzwa, walio nao kweli ni wachache sana. Mara nyingi upele ulikuwa wa virusi vya utotoni, au mzio ulikuwepo ukaisha kadiri miaka ilivyopita. Majibu ya mama kwa maswali hayo yatamwonyesha daktari njia. Kama ulikuwa upele mdogo wa miaka mingi iliyopita na tangu hapo ametumia amoksilini salama, flukloksasilini huenda ndiyo dawa bora kwake. Kama alivimba au kubanwa kifua, au ngozi ilibabuka, hiyo si ya kujaribu nyumbani wala zahanati, kwa sababu yoyote ile.

Ikiwa penisilini haiwezekani, bado mama hajakwama. Sefaleksini ni ya ukoo wa karibu, na wengi wenye upele mdogo wa zamani huivumilia, lakini uamuzi uwe wa daktari. Septrini ni S na inawaweza stafilokoki vizuri. Ila mtu mwenye kisukari, hasa akiwa anameza dawa za presha kama enalapril au losartan, inaweza kumpandishia madini ya potasiamu na kuisumbua figo, kwa hiyo apimwe figo kwanza. Na doksisaiklini, ndiyo, hiyohiyo ya jirani, ni S. Ikitolewa peke yake, dozi kamili, na daktari, inafaa kwa bakteria huyu. Anywe kwa maji mengi akiwa amekaa wima, na asiichanganye na maziwa, vidonge vya madini ya chuma au dawa za kiungulia kwa wakati mmoja, maana hivyo huinasa tumboni isiingie mwilini. Udhaifu wake ni kwamba kama kidonda kina streptokoki pia, haitegemewi sana. Mngenilazimisha kuchagua bila kumwona mama, ningesubiri kwanza historia ya upele, kwa sababu flukloksasilini kwa asiye na mzio ni bora kuliko zote hizo.

Lakini dawa ni nusu tu ya tiba, na pengine ni chini ya nusu. Usaha uliobaki ndani hauponi kwa kidonge, unahitaji kufunguliwa na kusafishwa na mtu mwenye ujuzi. Sukari ikiwa juu, chembe nyeupe za damu zinakuwa goigoi na dawa yoyote itaonekana haifanyi kazi. Mpimeni sukari kila siku katika kipindi hiki. Mguu upumzishwe, uinuliwe akikaa. Kidonda kisafishwe kwa maji safi ya chumvi na kufungwa kila siku. Msiweke asali, dawa ya meno, unga wa kapsuli wala majivu. Daktari aangalie kama damu inafika vizuri mguuni kwa kushika mapigo ya unyayo, na kama kidonda ni kirefu, ahakikishe hakijafika kwenye mfupa, kwa sababu maambukizi ya mfupa yanahitaji wiki kadhaa za dawa.

Chorea mstari kwa kalamu ya wino kufuata ukingo wa wekundu. Kesho wekundu usiwe umevuka mstari. Baada ya siku mbili mpaka tatu za dawa sahihi, maumivu na usaha vianze kupungua. Visipopungua, rudini mkiwa na karatasi ya majibu na vidonge vyote ambavyo mama amemeza tangu mwanzo, azithromaisini ikiwemo, na mwombe usaha uoteshwe tena kabla ya kubadilisha dawa.

Na msisubiri hata siku hiyo moja, nendeni hospitali ya rufaa iliyo karibu usiku huohuo, kama homa inapanda au mwili unatetemeka, kama wekundu unapanda mguuni kwa kasi, ngozi inageuka nyeusi au ya zambarau, inatoa malengelenge, au ukiibonyeza inasikika kama chumvi inayosagika. Kama maumivu ni makali kuliko kidonda kinavyoonekana, au ghafla mguu umekufa ganzi. Kama mama anachanganyikiwa, anatapika, au sukari haishuki. Waambieni mapokezi maneno haya matatu mkifika: kisukari, mguu, homa.